Mistari ya Mbao Kwenye Shaba ya Zamani

Kikopo kimoja cha sarafu kuukuu hapa Ngarama kinaweza kubeba pesa za tawala tatu. Makazi ya wakimbizi ya Nakivale yamepokea watu tangu karibu na mwaka 1960, kwanza Wanyarwanda, kisha Wakongo, Warundi, Wasomali na wengine, na wenyeji wa Isingiro nao wana akiba zao. Ndani ya kikopo hicho hukosi senti kumi za Waingereza zenye tundu, labda na hela ya Mjerumani au sentimi ya Kongo yenye nyota. Mara chache, miongoni mwa zile za tundu, hutokea moja iliyojaa mistari myembamba ya kahawia na manjano, yote ikielekea upande mmoja, utadhani imekatwa kwenye ubao wa mvule. Wapo wanaodhani imeungua. Wapo pia wanaoiita sarafu ya nguvu, na papo hapo bei inapanda.

Mistari hiyo ilianza kwenye tanuri, kabla sarafu haijawa sarafu. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwishoni mwa 1919, ilianza kutoa senti za bronzi mwaka 1921. Nyingi zilitengenezwa Uingereza. Wakati wa Vita vya Pili nyingine zikapigwa Bombay na Pretoria, ndiyo maana zina herufi ndogo I au SA. Bronzi ni shaba nyekundu iliyotiwa bati na zinki kidogo. Peni ya Uingereza, kwa mfano, tangu 1860 ilikuwa na shaba asilimia 95, bati 4 na zinki 1.

Kwenye karatasi hesabu hiyo ni rahisi. Kwenye moto madini haya hayapatani. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085 za Selsiasi, bati kwenye 232 tu, na zinki huchemka na kupaa kama mvuke ikifika 907, yaani kabla shaba haijayeyuka. Bati na zinki pia ni nyepesi kuliko shaba. Fundi asipokoroga vya kutosha, kunabaki mahali penye bati nyingi na mahali penye shaba karibu tupu. Hata akikoroga vizuri, bado kuna mtego wa pili: bronzi haigandi yote kwa wakati mmoja. Kinachotangulia kuganda kina shaba nyingi, na bati husukumwa kwenye uji uliobaki. Dawa yake ni kuupasha moto mche wa bronzi kwa muda mrefu ili madini yasambae. Kiwanda chenye oda ya mamilioni ya senti ndogondogo hakina subira hiyo kila siku.

Kisha mche hupitishwa katikati ya roli za chuma, tena na tena, hadi uwe ukanda mwembamba. Chukua donge la unga mweupe, lichanganye ovyo na la unga wa atta, halafu sukuma chapati kwa kwenda upande mmoja tu: mabaka yatavutika yawe mistari. Ndivyo inavyokuwa kwa bronzi. Visahani vitupu hukatwa kwenye ukanda huo na kupigwa chapa, na sarafu hutoka iking'aa rangi moja, bila mtu kuona kitu. Miaka ndiyo inayofichua. Hewa, jasho la mikono na moshi wa jikoni huipa shaba rangi, lakini penye bati nyingi na penye bati kidogo hapabadiliki kwa kasi moja.

Wakongo wataona mantiki ya jambo hili kwenye sentimi za tundu za Dola Huru ya Kongo, zilizoanza 1887. Hizo ni za shaba, si bronzi, kwa hiyo usitegemee sana kukuta mistari ya namna hii. Pasipo mchanganyiko hakuna kilichochanganyika vibaya. Kwa upande wa bronzi, Wamarekani ndio wanaoipenda zaidi mistari hii: senti zao zenye picha ya Lincoln, hasa za miaka ya mwanzo tangu 1909, zina mifano mizuri sana, na wakusanyaji huongeza pesa kidogo kuipata.

Hela ishirini za Tabora za 1916 ni kisa kingine, nami nazipenda kuliko zote. Wajerumani walikuwa wamezingirwa vitani, pesa haiji kutoka Ulaya, wakazipiga katika karakana ya reli kwa shaba nyekundu na shaba ya manjano, maganda ya risasi yakiwemo. Mwezi Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakauteka mji. Ukiniletea hela ya Tabora yenye rangi zisizolingana, sitashangaa hata kidogo.

Jinsi ya kupima? Mistari ya kweli hunyooka sambamba na hupita juu ya herufi na uwanja bila kujali. Huonekana pande zote mbili, kwenye mwelekeo uleule wa ukanda. Haina mpangilio na taji wala pembe za ndovu, kwa sababu kisahani huingia kwenye mashine kikiwa kimegeuka vyovyote. Sarafu ya tundu inatupa ushahidi wa ziada: mstari unaokatika ukingoni mwa tundu huendelea ng'ambo ya pili palepale unapotarajiwa. Aliyepaka asidi kwa kijiti husahau hilo, rangi yake inazunguka tundu.

Bei nayo isikutie wazimu. Senti kumi ya kawaida, hata ikiwa na mistari, bado ni senti kumi ya kawaida. Atakayekwambia inauzwa mamilioni huko Mbarara au Kampala anatafuta pesa ya nauli yako. Ila usiisugue kwa ndimu na majivu. Asidi huondoa ile ngozi nyembamba yenye rangi na kuacha shaba ya waridi isiyo na sura. Ishike kwa ukingo, itie kwenye bahasha ya karatasi kavu, na uepuke mifuko laini ya plastiki, kwani baadhi yake hutoa kemikali zinazoiotesha shaba ukijani unaonata.