Refa anajua magongo ni mikono, mlinzi wa geti hajui

NEWALA. Huku Chilangala mechi za kugombea mbuzi zinanoga msimu wa korosho, pesa zikiwa bado za moto mfukoni. Uwanja ni mchanga mtupu. Hauna jukwaa wala geti, na mstari umechorwa kwa majivu. Mjomba wangu anakaa palepale kwenye kona, chini ya mkorosho, magongo yake mawili yamelala mapajani. Hakuna anayemwambia asogee. Winga akipaisha krosi, wa kwanza kumsema ni yeye.

Ana haki ya kusema. Zamani alikuwa beki namba tano wa kijiji, wale wa mpira upite mtu asipite. Ajali ya bodaboda kwenye mteremko wa kwenda Masasi ndiyo iliyomkatisha mguu wa kushoto, chini ya goti. Mguu wa bandia anao, lakini anauvaa sikukuu na harusini tu, maana kwa joto na mchanga wa huku unamchubua. Siku nyingine zote ni magongo. (Ya kutembelea, siyo ile gongo ya kunywa.)

Msimu uliopita, baada ya kuuza korosho, aliniita.

"Mjomba, wewe si unaandika mpira? Nipeleke nikamwone Mnyama uwanjani, siyo kwenye runinga."

Kwetu Wamakonde, mjomba akishasema, umetumwa. Tukasafiri. Uwanja wenyewe siutaji. Mzee kavaa jezi nyekundu, kaipiga na pasi kabisa. Tulipofika getini, mlinzi akamsimamisha.

"Shikamoo mzee. Samahani, fimbo haziingii."

"Marahaba. Kijana, hizi siyo fimbo, ni magongo."

"Naelewa, mzee wangu, lakini zikirushwa uwanjani tunaulizwa sisi. Ziache hapa, utazikuta."

"Sasa nikiziacha hapa, naingia na nini?"

Kijana wa watu hakuwa na roho mbaya. Aliambiwa azuie chupa, mawe na fimbo, na yeye aliona fimbo. Mwisho wake vijana wawili wakambeba mjomba juujuu kama gunia hadi jukwaani, magongo yakabaki getini pamoja na chupa za maji. Mapumziko yalipofika hakwenda chooni, maana choo kilikuwa chini ya ngazi zile zile. Kumbe hakunywa hata tone tangu asubuhi. Alishajua mambo yatakuwaje. Timu yake ilishinda. Njia nzima ya kurudi hakuzungumzia bao hata moja.

KWA REFA NI TOFAUTI

Nilimsimulia habari ya Tembo Warriors, timu yetu ya taifa ya soka la watu wenye ulemavu wa viungo. Mwaka 2021 michuano ya Afrika ilifanyika hapa hapa Dar es Salaam, vijana wakafika nusu fainali na kukata tiketi ya Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Mwaka 2022 wakaenda Istanbul na kutinga robo fainali. Uturuki, wenyeji, walibeba kombe kwa kuichapa Angola 4-1.

Mchezo huu una sheria ambazo ningependa kila mlinzi wa geti azisome. Kila timu ina watu saba. Sita wa ndani wana mguu mmoja na wanakimbia kwa magongo, kipa ana mkono mmoja na haruhusiwi kutoka nje ya eneo lake. Mguu wa bandia unavuliwa kabla ya mechi. Kila kipindi ni dakika 25 na hakuna kuotea.

Sasa sikia hii: gongo linahesabiwa kuwa mkono. Ukiusimamisha mpira kwa gongo makusudi, umeunawa, faulo. Likiguswa kwa bahati mbaya, refa anaacha mchezo uendelee, kama ambavyo angeamua kwa mkono wa kawaida. Ukimpiga nalo mpinzani makusudi, unatolewa nje. Yaani wenye mchezo walikaa wakaliangalia lile gongo wakaamua kwamba ni kiungo cha mwili wa mchezaji. Mchezo wenyewe ulianzia Seattle, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya Don Bennett, mtu wa mguu mmoja, kuupiga mpira wa kikapu uliokuwa unamponyoka akiwa kwenye magongo yake.

Getini kwetu, kiungo hicho hicho kiliwekwa kando pamoja na chupa.

Mjomba alisikiliza, kisha akauliza swali la fundi: wale wanatumia magongo gani? Nikamwambia ni ya chuma chepesi, yenye pete ya kushika kigasha. Ya kwake ni ya mbao, ya kwapani. Ukiyaegemea muda mrefu yanabana mishipa, mkono unakufa ganzi. Raba za chini ziliisha siku nyingi, hivyo amezigongea vipande vya tairi. Kwenye lami vinashika vizuri, lakini kwenye mchanga wa Chilangala gongo linazama, kila hatua unaling'oa kama muhogo. Tangu nyumbani hadi uwanjani ni mbali kidogo tu, lakini anafika jezi imelowa.

SHERIA IPO

Tanzania ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayotaka majengo na huduma za umma zifikike. Mwaka mmoja kabla, 2009, tuliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Kifungu cha 30 kinagusa michezo moja kwa moja, pamoja na kuingia viwanjani.

Kujenga ni gharama, sibishi. Kipimo cha kawaida cha njia ya mteremko ya kiti cha magurudumu ni mita 12 za urefu kwa kila mita 1 ya kwenda juu. Hata Ligi Kuu England, pamoja na pesa zao, klabu zilikubaliana Septemba 2015 kurekebisha viwanja kufikia Agosti 2017, na tarehe ilipofika si zote zilizokuwa zimemaliza. Ila kumwambia mlinzi kwamba magongo siyo silaha hakuhitaji zege wala zabuni. Afcon ya 2027 tunaiandaa na Kenya na Uganda, na hilo linaweza kuanza wikiendi hii.

Mwenye kibanda umiza cha kijijini kwetu hajasoma mkataba wowote. Yeye alikata benchi la mbele, karibu na mlango, akaacha nafasi ya mjomba kunyoosha magongo. Alichoka kusikia watu wakijikwaa, basi.

Jumamosi iliyopita nilikuwa tena pale kwenye mkorosho. Beki akautoa mpira nje, ukaja unajiviringisha hadi kwenye kona. Mjomba akanyoosha gongo, akautuliza bila hata kuinuka. Watoto, ambao nadhani nilikuwa nimewasimulia kupita kiasi, wakapaza sauti uwanja mzima:

"Kaunawaaa!"