Upanga Unaonukia Karafuu

Mtu anayetunza panga za kale za Kijapani hakosi kichupa kidogo cha mafuta. Kizibo kikitoka, msomaji wa Unguja au Pemba ataijua harufu kabla hajaambiwa: ni karafuu. Siku hizi sehemu kubwa ya mafuta hayo ni ya madini, na ya karafuu ni kiasi kidogo tu, lakini Wajapani bado huyaita mafuta ya karafuu, na kazi yake ni kuzuia kutu isile feleji.

Karafuu imo pia ndani ya upanga wenyewe. Katika panga nyingi za wahunzi wa Bizen, jimbo la zamani lililo leo katika mkoa wa Okayama, juu kidogo ya makali hupita mstari mweupe wenye vichwa vya mviringo vilivyosongamana kama vishada vya karafuu mbichi. Wajapani wenyewe waliupa jina hilo. Mstari huo haukuchorwa. Ulizaliwa ndani ya chuma wakati upanga ulipotoswa majini, na tangu hapo haufutiki ila kwa moto au kwa kunolewa mpaka chuma kiishe.

Wengi wanaoanza kupenda panga hizi hawauoni. Macho yao huvutwa na ala iliyopakwa laka, mpini uliofungwa uzi wa hariri na kikinga mkono kilichonakshiwa. Vyote hivyo vina thamani yake, na wapo wanaokusanya vikinga mkono peke yake. Lakini ni mavazi, na mavazi hubadilishwa. Upanga wa miaka 700 umekwisha kuvishwa na kuvuliwa mara nyingi. Kilichobaki kilekile ni chuma, na chuma hicho husomwa.

Wanaotaka kukisoma wameongezeka. Mwezi Januari 2015 ulitoka nchini Japani mchezo wa kompyuta uitwao Touken Ranbu, ambamo panga mashuhuri za historia zimepewa sura za vijana wa kiume watanashati. Wanawake vijana waliupenda sana, kisha wakataka kuziona panga zenyewe. Kumbi za makumbusho ambazo zamani zilitembelewa zaidi na wazee wa kiume zikaanza kupata foleni za mabinti wenye madaftari. Ni rahisi kwa mjuzi kumdharau mtu aliyeletwa na mchezo. Mimi nawaheshimu, kwa sababu walikuja, wakabaki na wakasoma. Wengine wametoa hata fedha zao. Mji mdogo wa Setouchi, ambamo kimo kijiji cha kale cha wahunzi cha Osafune, uliazimia kuununua upanga uitwao Sanchomo, kazi ya karne ya 13 iliyowahi kuwa mali ya mbabe wa vita Uesugi Kenshin. Bei ilikuwa yeni milioni 500. Mji ukaomba michango, ikaja kutoka sehemu mbalimbali za Japani, na mwaka 2020 upanga ukarudi katika ardhi ulikofuliwa. Mstari wake ni wa karafuu, zimevurugana na kupandana mpaka karibu na mgongo wa upanga.

Mstari huo hutokeaje? Chuma chake huanzia kwenye mchanga mweusi. Huko Okuizumo, mkoa wa Shimane, tanuri la udongo huwashwa wakati wa baridi na kulishwa siku tatu usiku na mchana, karibu tani 10 za mchanga wa chuma na tani 12 za mkaa. Mwishoni tanuri huvunjwa, na ndani yake hutolewa pande la takriban tani 2.5. Feleji safi ya kufulia panga, iitwayo tamahagane, haifiki hata tani moja. Kazi hii ilikuwa imekufa. Ilifufuliwa mwaka 1977 na shirika la kuhifadhi sanaa ya panga za Kijapani, linalojulikana kwa herufi NBTHK, ili wahunzi wasikose chuma.

Mhunzi huifua feleji hiyo, huikunja na kuifua tena, kwa kawaida mara 10 hadi 15. Mikunjo 10 tu hutoa tabaka 1,024. Kwa kukunja, takataka hutoka na kaboni huenea sawasawa, na bapa la upanga hubaki na mistari myembamba inayofanana na nyuzi za mbao. Upanga ukishapata umbo, mhunzi huupaka udongo, mwembamba upande wa makali na mzito upande wa mgongo. Huupasha moto gizani ili rangi ya wekundu isimdanganye, kisha huutosa majini.

Hapo mambo mawili hutokea kwa pamoja. Makali hupoa ghafla na kugeuka martensaiti, hali ya feleji iliyo ngumu kuliko zote. Mgongo, uliofunikwa udongo mzito, hupoa taratibu na kubaki laini, ndiyo maana upanga haukatiki upesi unapopigwa. Martensaiti hujaza nafasi kubwa kuliko chuma kilivyokuwa mwanzo, hivyo makali hutanuka na kuusukuma upanga ujipinde kuelekea mgongoni. Ule mpindo unaotambulisha upanga wa Kijapani, kwa sehemu kubwa, hutoka majini. Si kila upanga huponea hapo. Mwingine hupasuka makali, na kazi yote ya mhunzi huishia kwenye pipa hilo.

Mpaka kati ya sehemu ngumu na sehemu laini ndio mstari mweupe, na jina lake ni hamon. Punje zake zikiwa kubwa kiasi cha kumetameta mojamoja, huitwa nie. Zikiwa ndogo mno, jicho likaona ukungu tu, huitwa nioi. Mhunzi hupanga udongo wake kwa mkono, kwa hiyo kila shule ya wahunzi ina mstari wake, na kila bingwa ana tabia yake ndani ya mstari wa shule.

Mgeni hufundishwaje kuyaona hayo? Japani ina zoezi la zamani liitwalo kantei. Panga kadhaa hulazwa mezani, misuka yake, yaani ile sehemu inayoingia kwenye mpini, ikiwa imefichwa ili sahihi ya mhunzi isisomeke. Mshiriki huinamisha kichwa kwanza, hushika upanga na kuuelekeza kwenye taa moja, kisha huuinua na kuushusha polepole mpaka mwanga uteleze juu ya chuma na mstari ujitokeze. Haruhusiwi kuongea upanga ukiwa wazi mbele yake, maana mate hutia kutu. Haruhusiwi kugusa bapa kwa kidole, maana jasho lina chumvi. Umbo humwonyesha zama: mpindo mkubwa karibu na mpini na ncha ndogo ni dalili ya karne ya 12 au ya 13, upana mkubwa na ncha ndefu ni karne ya 14, na upanga ulionyooka karibu kabisa ni wa miaka ya 1660 hivi. Bapa humwonyesha jimbo. Mstari humpeleka kwa mhunzi. Huandika jina kwenye karatasi na kumpa mwamuzi. Akipatia hujibiwa “atari”. Akipotea kabisa hujibiwa “iya”, yaani siyo, na hurudi mezani kuanza upya.

Mtu aliyepita kwenye zoezi hili ameokoka hatari kubwa ya fani, nayo ni kununua sahihi. Majina makubwa yameghushiwa kwa karne nyingi. Kotetsu, mhunzi wa Edo wa karne ya 17 aliyeanza kama mfua deraya, ameghushiwa mno hata wajuzi huanza kwa kudhani kwamba sahihi yake ni ya uongo mpaka chuma kithibitishe vingine. Kwa upande wa pili, panga nyingi bora kabisa hazina sahihi. Zile ndefu za zamani, zilizoning'inizwa kiunoni makali yakitazama chini, zilikuja kufupishwa mitindo ya vita ilipobadilika. Zilifupishwa kutoka upande wa msuka, na jina la mhunzi likaondoka pamoja na kipande kilichokatwa.

Msuka wenyewe unahitaji neno la peke yake, kwa sababu hapa ndipo wanaoanza hufanya uharibifu usiotengenezeka. Mtu anarithi upanga, anatoa kijiti cha mwanzi kinachoshikilia mpini, anakuta kutu nyeusi, anachukua msasa. Kutu ile ndiyo umri wa upanga. Rangi na kina chake humwambia mjuzi kama ni ya miaka 80 au 500, na kama sahihi ilichongwa kabla yake au juzi. Ikisuguliwa, ushahidi umekwenda na sehemu kubwa ya thamani imekwenda nao. Bapa nalo halinolewi nyumbani. Liko mikononi mwa mng'arishaji aliyefunzwa kwa miaka, anayetumia vinoo vya aina nyingi na kumalizia na vipande vyembamba vya jiwe chini ya kidole gumba. Wakubwa wa fani humwambia mgeni anunue vitabu kwanza, ahudhurie maonyesho, na upanga wa kwanza auchukue wenye hati ya NBTHK. Ni ushauri mzuri kuliko wote ninaoujua.

Nje ya Japani wengi huanza na upanga uliotoka vitani. Maelfu ya maofisa wa Kijapani walibeba panga katika Vita vya Pili vya Dunia, na nyingi zao zilitengenezwa viwandani kwa feleji ya kawaida. Sheria ya Japani leo haizisajili hizo kama kazi za sanaa. Lakini ndani ya ala hizohizo za kijeshi maofisa wengine walikuwa wametia panga za mababu. Mwaka 1945 majeshi ya Marekani yaliamuru silaha zote zisalimishwe, na panga zikachukuliwa bila kubagua. Homma Junji, mtaalamu wa panga, aliwaeleza Wamarekani kilichokuwa kikipotea, na mmoja wao, Kanali Cadwell, akamsikiliza. Panga zenye sifa za sanaa zikaruhusiwa kubaki, na mwaka 1948 NBTHK ikaundwa.

Zilizokuwa zimekwisha kuondoka ziliweza kutambuliwa na wale tu waliojua kusoma. Walter Compton, Mmarekani aliyekuwa kiongozi wa kampuni ya dawa, alipata nchini kwake upanga wa Kunimune wa karne ya 13. Akaujua ni nini: hazina ya taifa ya Japani, mali ya hekalu la Terukuni mjini Kagoshima. Mwaka 1963 aliurudisha bila kudai malipo. Upanga uitwao Honjo Masamune haujapata bahati hiyo. Ukoo wa Tokugawa, uliotawala Japani kwa zaidi ya miaka 250, uliurithishana kizazi hadi kizazi, na mwishoni mwa 1945 Tokugawa Iemasa akaukabidhi kwenye kituo cha polisi cha Mejiro, Tokyo. Mapema mwaka uliofuata Wamarekani wakauchukua, na haujaonekana tena. Una urefu wa kama sentimita 65 na hauna sahihi. Akiupata mtu leo darini mwa babu yake, hakuna jina la kusoma kwenye msuka. Itabidi auelekeze kwenye taa na kuutazama mstari.