UNATAKA BAHARI SEBULENI? USIINGIZWE MJINI KWA JIWE

Wiki hii tunaachana na mambo ya viatu na nywele, tunaingia majini. Tena maji ya chumvi, huku huku kwetu Ngara na Biharamulo, ambako mtu anaweza kuzeeka bila kuiona bahari kwa macho yake. Usicheke. Tangi la samaki wa baharini likiwa saluni au sebuleni, mgeni anasahau hata soda uliyomkaribisha.

Mshkaji wangu mmoja wa Kabanga, kinyozi, ameshapata tangi lake la lita 100. Akapigiwa simu na jamaa wa pwani: anayo mawe hai, yametoka baharini asubuhi hiyo hiyo, atumiwe hela ayapakie kwenye basi. Kidogo atume. Nikamwambia tulia kwanza baba, mjini shule.

Jiwe hai ni nini? Jiwe lenyewe halipumui, usidanganyike. Ni kipande cha mwamba wa matumbawe yaliyokufa zamani, kimejaa vitundu kama mkate, na humo ndani wamehamia wapangaji: bakteria, mwani, minyoo midogo, konokono. Hao wapangaji ndio uhai wenyewe, na ndio unaowalipia.

Kazi yao si mchezo. Samaki akila lazima achafue, na uchafu wake unatoa amonia, sumu inayoweza kuua tangi zima. Bakteria wa juu ya jiwe, penye hewa, wanaigeuza amonia kuwa nitriti, nayo bado ni sumu, halafu nitrati, ambayo ina nafuu. Kule ndani kabisa kwenye vitundu, hewa isikofika, wapo bakteria wengine wanaoivunja nitrati ikawa gesi, ikapanda juu ikaondoka zake. Kwa hiyo jiwe zuri ni chujio, ni choo na ni pambo, vyote kwa pamoja. Mambo haya si mageni: mwaka 1961 bwana mmoja wa Jakarta, Lee Chin Eng, aliwaeleza Wamarekani kwenye jarida la wafuga samaki jinsi anavyoendesha matangi yake kwa mawe ya baharini na mapovu ya hewa basi. Baadaye Wajerumani wa Berlin wakaishika njia hiyo, ikasambaa.

Sasa tuje kwenye kununua, maana hapo ndipo watu wanapouziwa mbuzi kwenye gunia.

Anza na pua. Jiwe zima linanuka bahari. Likinuka yai viza, ujue wapangaji wamekufa na wanaoza humo ndani, na ukilitia kwenye tangi lenye samaki utafanya mazishi. Halafu lipime kwa mkono. Mawe mawili yakiwa na ukubwa sawa, chukua lile jepesi. Jepesi lina vitundu vingi, bakteria wana vyumba vya kutosha. Zito ni gogo tu, na kwa kuwa wanauza kwa kilo, unalipia uzito usiokusaidia. Kwa tangi la lita 100 watu wengi huanza na kilo 10 au 12, na kwa jiwe jepesi hata pungufu ya hapo inatosha.

Rangi ya zambarau au waridi iliyoganda kama rangi ya kucha ni mwani mgumu, dalili njema. Lakini jiwe jeupe pee, lenye vikombe vidogo vikali na utelezi kama kamasi, ogopa. Hilo lilikuwa tumbawe lililo hai jana tu, kuna mtu kalivunja kwa mtaimbo. Angalia pia wazamiaji. Yupo mdudu wa jamii ya kamba anayejificha kwenye tundu na kupiga konde linalovunja konokono, na kuna kiua cha kahawia, aiptasia, kinachochoma majirani zake na kuzaana kama magugu. Wajanja hulichovya jiwe dakika chache kwenye ndoo ya maji yenye chumvi nyingi kuliko kawaida, na wengi wa wageni hao wanatoka mbio wenyewe.

Tatizo la kwetu ni barabara. Kutoka Dar hadi Ngara ni zaidi ya kilomita elfu moja: Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, Lusahunga, ndipo ufike. Jiwe linasafirishwa likiwa limeviringishwa magazeti mabichi ndani ya boksi la povu, na hata hivyo sehemu ya wapangaji hufia njiani. Likifika haliingii tangini. Linakaa kwenye pipa la maji ya chumvi, lenye pampu, maji yakibadilishwa, wiki mbili hadi sita, mpaka harufu iishe na kipimo cha amonia kisome sifuri. Kwa hiyo yule anayekuambia "limetoka baharini leo" anakusifia kasoro, wewe unadhani ni sifa.

Na hapo hatujagusa sheria. Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ni ya mwaka 1994, Hifadhi ya Mafia ikafuata 1995, na kuvunja matumbawe huko ni kosa. Kuyavusha mpaka nako kunataka kibali cha mkataba wa kimataifa wa CITES, ambao Tanzania imo. Sheria hizo hazikutungwa kwa roho mbaya. Miamba yetu imepigwa baruti na wavuvi, imechimbwa na kuchomwa chokaa, na joto la bahari la mwaka 1998 likaua matumbawe mengi, Mafia ikiwemo. Tumbawe linakua kwa mwendo wa konokono, na samaki wa kitoweo wanazaliana humo. Mtu akikosa karatasi, kata simu.

Sasa tufanyeje? Jibu lipo nchi kavu. Pwani yetu imejaa mawe ya matumbawe ya kale, yaliyoachwa na bahari enzi hizo. Ndiyo yaliyojenga nyumba za zamani za Zanzibar na Kilwa, na chokaa ya Wazo Hill inayotengeneza saruji ni miamba ya namna hiyo hiyo. Jiwe kavu la hivyo, lenye vitundu, lisilogusa saruji wala rangi, unalisugua, unaliloweka, unaliosha mpaka maji yawe meupe. Halina wapangaji, ni kweli, lakini halina mdudu wa makonde wala kesi. Na kwenye basi halifi, hata likilala Kahama siku tatu. Wapangaji unawaleta wewe: chupa ya bakteria wa dukani, au jiwe moja dogo lenye karatasi zake, na chembe ya chakula cha samaki ioze kuwalisha. Marekani nao wamefika huko huko. Kufikia 1997 uchimbaji wa mawe hai ya porini ulikuwa umefungwa katika bahari ya serikali kuu huko Florida, na wafugaji wakawa wanadondosha mawe ya nchi kavu baharini, wanayaacha yaote, ndipo wanayauza.

Ukitumia jiwe kavu hesabu wiki nne hadi sita, wakati mwingine zaidi, kabla ya samaki wa kwanza. Najua unataka kuonyesha washkaji Ijumaa hii. Subiri tu.

Chumvi nayo isikuzuge. Watu wa kwetu watakimbilia chumvi ya Uvinza, inayochemshwa tangu zaidi ya miaka elfu moja. Kwa maharage, safi kabisa. Kwa tangi, hapana: maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa lita, lakini ndani yake imo magnesi, kalsi na mengine ambayo chumvi ya mezani haina. Nunua ile ya pakiti ya matangi. Kwa lita 100 utahitaji kilo tatu na nusu.

Kinyozi wangu amekubali jiwe kavu. Anachonisumbua sasa ni umeme. Miaka mingi Ngara na Biharamulo tuliishi kwa majenereta ya dizeli, na hata leo ukikatika usiku, pampu ikisimama, samaki na wapangaji wa jiwe wanakosa hewa. Nimemwambia atafute pampu ndogo ya hewa ya betri, aijaribu ile ya mkononi kabla ya kulipa, na betri za akiba aziweke mbali na wateja wanaochaji simu.