Amana uliyoiweka, nani anailinda?

Leo naomba nianze na jambo lililonipata mimi mwenyewe. Kwa wiki kadhaa lilinikosesha raha, hata hamu ya kufungua Biblia ikapungua.

Mama yangu alitwaliwa miaka minne iliyopita. Miezi michache kabla ya hapo nilikaa naye kibarazani kijijini, nikaweka simu juu ya kigoda, nikamrekodi. Alisimulia jinsi babu alivyobatizwa. Alitaja majina ya watoto wawili aliowazika wakiwa wachanga, ambao sisi wengine hatukuwahi kuwaona. Aliimba kidogo, kisha akawaombea wajukuu wake wote, mmoja mmoja kwa jina. Ilikuwa sauti ya dakika 41.

Sauti ile niliihifadhi mtandaoni, katika kile ambacho wataalamu wanakiita hifadhi ya wingu, pamoja na picha za miaka 11: harusi, ubatizo, kipaimara na misiba. Nililipia huduma hiyo kila mwezi bila kuchelewa. Simu yangu ilipoibwa kwenye daladala sikuhuzunika sana. Nilijisemea kwamba simu hununuliwa nyingine, vitu vyangu viko salama.

Mwaka huu, siku ya kumbukumbu ya mama, ndugu walijaa sebuleni. Nikasema, “Leo tutamsikia mama mwenyewe.” Jina la faili lilikuwepo. Tarehe ilikuwepo. Nilipobonyeza, halikufunguka. Nilipotazama ukubwa wake, niliona sifuri. Picha nyingi nazo zilikuwa hivyohivyo, majina matupu. Shangazi yangu aliyetoka mbali kwa ajili ya siku hiyo aliniangalia, akasema taratibu, “Basi, baba, tuimbe tu.” Tukaimba, lakini sikuweza kumtazama usoni.

Shauri lako limetatuliwa

Usiku uleule niliandika barua pepe kwa huduma kwa wateja. Jibu lilikuja ndani ya dakika moja, nikafurahi. Kumbe ilikuwa mashine. Ilinishukuru kwa kuwa mteja, ikanipa namba ya shauri, ikanitaka nizime simu na kuiwasha tena.

Baada ya siku tatu aliniandikia mtu mwenye jina, akaniuliza yaleyale niliyokwisha kuyaeleza. Nikaeleza upya. Aliyefuata alinitumia maelekezo ya kubadili nywila, wakati sikuwa nimesahau nywila. Kila mmoja alianza kwa kusema wanathamini mawasiliano yangu, na hakuna aliyeonyesha kwamba amesoma ya mwenzake. Siku ya 12 nilipokea ujumbe kwamba shauri langu limetatuliwa na kufungwa. Nikaombwa niwape nyota, kuanzia moja hadi tano.

Wiki ya nne ndipo nilipofanikiwa kuzungumza na binadamu kwenye simu, dada mmoja aliyekuwa nchi ya mbali. Alinyamaza akitafuta, kisha akaniambia ukweli: ameangalia mwenyewe, mafaili hayapo tena, na hataki kunidanganya kwamba yatarudi. Halafu akauliza, “Yalikuwa na nini?” Nikamwambia kuhusu mama. Akakaa kimya kidogo, akasema, “Pole sana.”

Ajabu ni kwamba usiku ule nililala. Sikuwa nimerudishiwa kitu, ila nilikuwa nimesikilizwa.

Mawingu yasiyo na mvua

Jina hili la wingu linatupumbaza. Tunadhani vitu vyetu vinaelea mahali fulani juu, pasipofikiwa na mwizi wala mchwa. Ukweli ni kwamba viko chini, katika majengo makubwa yenye maelfu ya kompyuta, mashine za kupoza joto na majenereta. Hadi vitufikie hupita kwenye nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Jumapili ya Mei 12, 2024 nyaya mbili za namna hiyo, za EASSy na Seacom, zilikatika, na mtandao ukasuasua hapa Tanzania na kwa majirani zetu. Siku hiyo wengi tuligundua wingu letu lina mzizi baharini.

Majengo hayo nayo huungua. Machi 10, 2021 moto uliteketeza jengo la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Wateja ambao hawakuwa na nakala kwingine walipoteza kazi zao moja kwa moja. Mwaka 2019 mtandao wa Myspace, ambao wanamuziki wengi waliutumia kuweka nyimbo zao, ulikiri kwamba nyimbo zilizowekwa humo kabla ya mwaka 2016 zimepotea wakati wa kuhamisha mitambo. Zilikadiriwa kufikia milioni 50. Hebu fikiri ni kwaya ngapi, ni vijana wangapi wenye magitaa, waliamini kwamba kazi yao imetunzwa.

Wahenga walisema akiba haiozi. Hawakuwahi kuona akiba hii ya kwetu, inayooza huku jina lake likiendelea kung'aa kwenye kioo.

Mithali 25:14 inamfananisha mtu ajisifuye kwa zawadi asiyoitoa na mawingu na upepo visivyoleta mvua. Mkulima anaijua hali hiyo. Wingu linatanda, anaandaa mbegu, upepo unavuma, jua linatoka. Kinachomuumiza zaidi ya ukame wenyewe ni ile ahadi aliyoiona angani.

Nakala mbili za Yeremia

Katika siku zile za hasira nilirudi kwenye kitabu cha Yeremia, sura ya 32. Yerusalemu imezingirwa na jeshi la Babeli, na nabii mwenyewe amefungwa katika ukumbi wa walinzi. Hapo ndipo Mungu anamwambia anunue shamba la Anathothi kutoka kwa binamu yake Hanameli. Analipa shekeli 17 za fedha mbele ya mashahidi. Hati inaandikwa, mojawapo inatiwa muhuri, nyingine inaachwa wazi. Kisha anamwagiza Baruku azitie zote mbili katika chombo cha udongo, zipate kudumu siku nyingi.

Angalia, ndugu yangu. Yeremia alikuwa na neno la Mungu mwenyewe kwamba nyumba na mashamba vitanunuliwa tena katika nchi ile. Hata hivyo alitaka mashahidi, nakala mbili na chungu. Imani yake haikumfanya mzembe. Aliamini kesho itakuwepo, ndiyo maana alitunza karatasi za leo. Na tunajua njia ile ilikuwa na busara, kwa sababu magombo ya kale yaliyogunduliwa kuanzia mwaka 1947 katika mapango ya Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi, mengine yalikuwa ndani ya vyungu, nayo yalikuwa yamekaa humo takribani miaka 2,000.

Mimi nilikuwa na nakala moja tu. Kampuni ile ilinikosea, sitalificha hilo. Lakini sauti ya mama niliiacha mkononi mwa mtu nisiyemjua, na kwa miaka minne sikuifungua hata mara moja kuona kama bado ipo.

Njoo wiki ijayo

Lakini jambo lililonichoma zaidi lilikuja baadaye. Mimi ni katibu wa usharika wetu. Jumatatu moja nikiwa ofisini, bado nikinung'unika juu ya kampuni ile, aliingia mama mmoja mjane. Tulisalimiana. Akaketi pembeni ya kiti, kama mtu anayejua hatakaa sana.

“Mwanangu, nimekuja tena kuhusu ile barua.”

Alihitaji uthibitisho wa ndoa yake kutoka kwenye kitabu chetu, kwa ajili ya shauri la mirathi Mahakama ya Mwanzo. Cheti chake kilipotea walipohama. Ndugu wa marehemu walikuwa wanasema hakuwa mke halali, na nyumba anayoishi ilikuwa mashakani. Nilifungua daftari la ofisi. Alikuwa amekuja mara nne. Mara zote nne maneno yalikuwa ya mwandiko wangu: kitabu hakijaonekana, aje wiki ijayo.

Mara zote nne nilimkaribisha vizuri na kumpa pole. Nami pia nilithamini mawasiliano yake. Lakini sikuwahi kuinuka kwenda kukitafuta kitabu.

Mithali 3:28 inatukataza kumwambia jirani aende zake aje kesho, ilhali kile anachokihitaji tunacho. Na Bwana Yesu, katika Luka 18, alisimulia habari za mjane aliyemwendea kadhi asiyemcha Mungu mara kwa mara mpaka akasikilizwa. Siku zote nimejihesabu upande wa mjane katika mfano ule. Jumatatu ile niligundua kwamba nimekalia kiti cha kadhi.

Niliinuka. Kitabu kilikuwa stoo, chini ya maboksi ya vipaza sauti vibovu. Mchwa walikuwa wamekula kingo zake. Tulifunua kurasa taratibu, mimi na yeye, mpaka tukafika mwaka 1987, na jina lake lilikuwepo, na la mumewe, na sahihi za mashahidi wawili. Aligusa ile karatasi kwa kidole, akasema, “Nilijua nimeandikwa.” Ukurasa uliofuata ulikuwa umeliwa nusu. Wiki chache zaidi, na mimi ningelazimika kumwambia mjane yule yale niliyoambiwa na dada wa kwenye simu.

Pande mbili za amana

Mtume Paulo, katika sura ya kwanza ya waraka wa pili kwa Timotheo, anatumia neno amana kwa namna mbili. Katika mstari wa 12 anasema anamjua yule aliyemwamini, na kwamba anaweza kukilinda alichokiweka kwake. Katika mstari wa 14 anamgeukia Timotheo na kumwambia ailinde ile amana nzuri aliyokabidhiwa. Mungu analinda cha kwetu, nasi tunalinda cha kwake. Wengi tunaupenda mstari wa 12 na kuuruka wa 14.

Basi tuufanyie kazi mstari wa 14 kwa mikono. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mafundi wa kompyuta wana kanuni rahisi: kitu cha thamani kiwe na nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili tofauti, na nakala moja ikae mahali pengine kabisa. Mwezi Mei 2024 akaunti ya mfuko wa pensheni wa UniSuper wa Australia, wenye wanachama zaidi ya nusu milioni, ilifutwa kwa makosa katika hifadhi ya wingu ya Google. Mfuko ule uliweza kurejea kwa sababu, pamoja na mengine, ulikuwa umeweka nakala kwa mtoa huduma mwingine.

Kwa familia, kanuni hiyo haina gharama kubwa. Weka picha na sauti kwenye diski ya nje, mpe ndugu wa mkoa mwingine nakala, na chache zilizo muhimu zichapishe. Mara mbili kwa mwaka, zifungue uone kama zinafunguka. Kumbuka pia kwamba kwenye huduma nyingi, ukifuta picha simuni inafutika na kule mtandaoni, na kwamba Google inaweza kuifuta akaunti isiyotumika kwa miaka miwili. Kwa usharika au parokia, vitabu vya ubatizo na ndoa vipigwe picha ukurasa kwa ukurasa, na nakala ikae nje ya jengo la kanisa. Kila jina lililomo ni la mtu ambaye siku moja anaweza kuja kuulizia.

Na wewe unayekaa mezani, kaunta au kwenye simu, ukiwahudumia watu wa Mungu benki, hospitali, ofisi ya kijiji au kanisani: soma alichoandika mwenzako kabla ya kuuliza upya. Kama kitu kipo, inuka ukakitafute. Kama hakipo, sema hakipo. Ukweli wenye pole humlaza mtu usingizi.

Yaliyoongezwa

Mfalme Yehoyakimu alipoliteketeza gombo la Yeremia motoni, kipande kwa kipande, Mungu alimwambia nabii achukue gombo jingine. Baruku akaandika tena kutoka kinywani mwake, na Yeremia 36:32 inasema maneno mengi ya namna hiyo yaliongezwa.

Siku ya Pasaka tulikusanyika tena. Mdogo wangu wa Mwanza alikuwa amekuta kwenye simu yake ya zamani kipande nilichowahi kumtumia: dakika sita, mama akiwaombea wajukuu watatu wa kwanza. Tulikisikiliza mara mbili. Kisha tukafungua daftari kubwa lenye jalada gumu, na kila mmoja akasema alichokumbuka. Shangazi alisimulia yale ambayo mama hakuwahi kuniambia kibarazani, pamoja na majina ya ubatizo ya wale wachanga wawili. Binti yangu aliandika kurasa 19. Daftari tumelipiga picha, na nakala ziko kwa ndugu watatu.

Wajukuu ambao majina yao hayamo katika zile dakika sita walinyong'onyea. Niliwasomea Ufunuo 5:8, panapotajwa vitasa vya dhahabu vilivyojaa uvumba, ambao ni maombi ya watakatifu. Nikawaambia maombi ya bibi yenu yalisikiwa siku ileile alipoyaomba, na mnayemwamini hajapoteza hata jina moja.

Mjane wetu alipata barua yake. Shauri lake bado linaendelea, tumwombee.