Nywele Nyingi Si Nywele Nene



Kila inapokaribia Pasaka, Kipaimara au Krismasi, saluni hujaa akina mama na wasichana. Nasi wauguzi, sikukuu ikishapita, hupokea baadhi yao wakiwa na vidonda kichwani. Kwa sababu hiyo, leo tunapenda kueleza namna ya kuchagua sabuni, mafuta na dawa ya nywele, hasa kwa wale wenye nywele nyingi lakini nyembamba.

NYINGI AU NENE?

Watu wengi huchanganya mambo haya mawili. Wingi ni idadi ya nywele kichwani. Unene ni ukubwa wa unywele mmoja mmoja. Mtu aweza kuwa na nywele zilizosongamana hata ngozi ya kichwa haionekani, na bado kila unywele ukawa mwembamba sana. Hali hii huwapata wenye nywele za mawimbi na wenye nywele za kipilipili pia.

Kuzitambua ni rahisi. Chukua unywele mmoja uliobaki kwenye kitana, uusugue kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Kama huusikii vizuri, huo ni mwembamba. Ukiusikia kama uzi wa kushonea, ni mnene.

Jambo hili lina maana kubwa. Unywele mwembamba hukatika na kuungua upesi. Lakini msusi akiona nywele nyingi husema, "Kichwa hiki kigumu," akachagua dawa kali kuliko zote. Hapo ndipo madhara huanzia.

Tukumbuke pia kwamba unywele tunaouona nje hauna uhai, na ndiyo maana hauumi unapokatwa. Kilicho hai ni mzizi ulio ndani ya ngozi. Hakuna mafuta ya kupaka yanayoulisha unywele. Chakula chake hupitia mdomoni: maharage, dagaa, mayai, mboga za majani. Mzizi ukiungua sana hubaki kovu, na mahali pale nywele haziwezi kuota tena.

SABUNI

Sabuni ya kufulia ni kali mno kwa nywele nyembamba. Huzikausha, na penye maji ya chumvi yasiyotoa povu vizuri huacha utando unaozifanya zishikane. Afadhali shampuu isiyo kali, mara moja kwa juma au kila baada ya majuma mawili. Kwa kuwa nywele ni nyingi, zigawe mafungu manne ili maji yafike kwenye ngozi. Suuza mpaka utelezi wote uishe. Kisha paka kondishena kuanzia katikati ya nywele hadi ncha, uchane zikiwa bado na maji kwa kitana chenye meno mapana, ukianzia nchani kwenda kwenye shina. Zikauke kabisa kabla ya kusukwa.

MAFUTA

Mafuta mazito ya mgando hubaki juu ya unywele. Nywele nyembamba hulemewa nayo, zikalala na kukusanya vumbi. Mafuta mepesi yanafaa zaidi. Mafuta ya nazi, ambayo wazee wetu wa pwani waliyajua tangu zamani, huingia ndani ya unywele na kupunguza kuharibika kwake wakati wa kuosha. Matone machache yaliyosuguliwa viganjani yanatosha.

Mwenye mba nyingi, au mtoto mwenye mapunye, asitegemee mafuta. Mapunye ya kichwani hutibiwa kwa dawa ya kumeza, nayo hutolewa hospitali au zahanati.

DAWA YA KUNYOOSHA NYWELE

Dawa nyingi za kunyoosha nywele hutengenezwa kwa kostiki soda, ile ile itumiwayo kutengeneza sabuni. Nyingine huandikwa kwamba hazina soda, lakini huwa na aina ya chokaa, nayo pia huunguza. Zote hufanya kazi kwa kuvunja viungo vinavyoshikilia umbo la unywele. Haziwezi kutofautisha unywele na ngozi.

Makopo huwa ya madaraja matatu: hafifu, ya kawaida na kali. Mwenye nywele nyembamba, hata zikiwa nyingi namna gani, achague hafifu. Tena azingatie haya:

1. Asipake penye kidonda, wala asijikune au kuosha kichwa siku chache kabla.

2. Apake mafuta ya mgando pembezoni mwa uso, masikioni na shingoni.

3. Muda ulioandikwa kwenye kopo usizidishwe. Ikianza kuchoma, ioshwe mara moja. Wengine husema, "Vumilia, ndiyo inashika." Si kweli. Ngozi inaungua.

4. Baada ya majuma 8 hadi 12, dawa ipakwe kwenye nywele zilizoota upya tu.

5. Watoto wasiwekewe kabisa.

Kuna jambo jingine la kufikiriwa. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11. Waliotumia dawa za kunyoosha nywele zaidi ya mara 4 kwa mwaka walipata saratani ya mji wa mimba zaidi ya mara mbili ya wasiotumia. Kwa hesabu yao, hadi umri wa miaka 70, katika wanawake 100 wasiotumia wangeugua wapata 2, na katika watumiaji wa mara kwa mara wapata 4. Hii si kusema kila atumiaye ataugua, wala haijathibitika kwamba dawa ndiyo chanzo. Lakini ni sababu nzuri ya kupunguza.

TUNAPONUNUA

Tangu mwaka 2019 vipodozi nchini Tanzania husimamiwa na Shirika la Viwango, TBS. Tusome tarehe ya mwisho wa matumizi na orodha ya vilivyomo. Dawa iliyopunguzwa na kuuzwa katika kikopo kisicho na maandishi tuikatae, maana hatujui daraja lake.

IKITOKEA AJALI

Dawa ikiunguza ngozi au ikiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi. Usipake dawa ya meno, limau wala siki. Jicho likiguswa, ukishaliosha nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama maumivu yamepungua. Mtoto akiilamba, mpanguse na kumsuuza mdomo, usimtapishe, mkimbize hospitali. Kopo liwekwe mbali na watoto, kwani dawa hiyo nyeupe huonekana kama maziwa ya mgando.

Wazazi wapendwa, binti anayejiandaa kwa Komunyo ya Kwanza hahitaji dawa. Nywele safi, zilizosukwa bila kuvutwa sana, zinapendeza kanisani. Na akina mama, mkikaa kwenye kiti cha saluni, msione haya kuuliza: "Hiyo dawa ni ya daraja gani?" Mkijibiwa kwamba ni ile kali, na nywele zenu ni nyembamba, inukeni.