Dawa ya sugu

Mwenye saluni haanzi na uso. Uso una poda, una wanja, una mwenyewe anayejua kuupanga mbele ya kioo. Yeye huomba mkono. Huukunja taratibu uwe ngumi, akatazama vifundo vya vidole vinavyochomoza, kisha akauachia bila kusema neno. Vifundo vikiwa vyeusi na mgongo wa kiganja ukiwa rangi ya chungwa, ameshajua mteja anapaka nini nyumbani, na mara nyingi anakisia hata ni tangu lini.

Saluni yenyewe iko Kanazi, wilayani Ngara: chumba kimoja, viti viwili vya plastiki, draya moja, ukuta uliobandikwa picha za misuko. Mwandishi alifika kuulizia jambo jingine, namna bei za bidhaa zinavyopanda na kushuka kwa kufuata mipaka ya Rusumo na Kabanga. Habari za mipaka ziliisha mapema. Za vifundo hazikuisha.

Mama huyu, ambaye ameomba jina lake lisitajwe, anaeleza kama fundi anayeeleza kazi yake. Ngozi ya vifundo ni nene na imejaa mikunjo, losheni haipenyi sawasawa na sehemu nyingine. Mgongo wa mkono ukishatakata, vifundo vinabaki palepale vilipokuwa, na kwa kuwa majirani zake wamehama, vinaonekana vyeusi maradufu. Viwiko, magoti, visigino na ncha za masikio hufuata mkondo huohuo. Mtaani wana jina lake: uso Fanta, miguu Coca-Cola. Anayelitamka kwa kicheko, anasema, kwa kawaida ni mwanaume, na ni yuleyule ambaye shingo yake hugeuka kila mweupe anapopita barabarani.

Lakini Kanazi kuna sugu, ndio weusi huo wa vifundo, zilizotangulia mkorogo wa kujichubua. Mpini wa jembe, mzigo wa kuni, nguo za familia nzima kwenye beseni, sufuria za kusugua kwa majivu. Na ndizi. Mwanamke wa huku humenya ndizi karibu kila siku, na utomvu wa ndizi mbichi ukishaingia kwenye mikunjo ya vidole hautoki kwa sabuni. Wengine hujipaka mafuta ya kula mikononi kabla ya kushika kisu. Wengine hawana mafuta ya kuchezea namna hiyo. Kwa hiyo mkono mmoja unaweza kubeba weusi wa aina mbili, wa kazi na wa kopo, na mteja anataka wote uondoke kwa mpigo mmoja. Mwenye saluni hajawahi kuombwa na mwanaume amtoe sugu za jembe. Mwanaume mwenye viganja vigumu ni mchapakazi.

Ndipo kinapoingia kichupa. Dawa ya sugu inauzwa kwenye chupa ndogo ya plastiki, majimaji, na harufu yake huwahi puani kabla kifuniko hakijafunguka vizuri. Hupakwa kwa pamba kwenye vifundo peke yake, kwa uangalifu, maana ikimwagikia pembeni inababua. Baada ya siku chache ngozi ya juu hukakamaa, ikapasuka kwenye mikunjo, ikaanza kubanduka vipande vyembamba kama karatasi. Chini yake kuna wekundu unaowasha ukiguswa na maji. Mteja huambiwa asifue, asimenye ndizi, asishike jembe mpaka ngozi mpya ikomae. Hapo mwenye saluni hutabasamu kidogo. Ni mwanamke gani wa Kanazi anayeweza kukaa wiki nzima bila kufua? Anarudi shambani na vidole vibichi, jua linavichoma, vifundo vinakuwa vyeusi kuliko mwanzo. Anarudi saluni.

Ukiifuata pesa ya mteja, hesabu ni nyepesi. Alinunua losheni. Losheni ikamletea sugu, akanunua dawa ya sugu. Dawa ikambabua, akanunua tyubu ya kutuliza. Tyubu ikamletea chunusi na vinyweleo, akanunua sabuni. Kila bidhaa inaandaa soko la inayofuata. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011, uliowahoji wanawake 42 wa Dar es Salaam wanaojichubua, ulikuta sababu za kila namna: kuondoa chunusi, kulainisha ngozi, kuwa mweupe, kumridhisha mpenzi, kuonekana mbele ya wenzao. Katikati ya orodha hiyo ilikuwapo sababu ambayo mama wa Kanazi angeitambua mara moja: kuondoa madhara ya kujichubua kwenyewe.

Hizo tyubu ni dawa za hospitali. Betamethasone na clobetasol hutolewa na daktari kwa ukurutu na magonjwa mengine ya ngozi, kwa muda mfupi. Zikipakwa mwili mzima miezi na miezi, ngozi inakonda, inachorwa michirizi, kidonda kinachelewa kupona. Mama saluni anausema ukweli huo kwa lugha ya mtaani: aliyejichubua akienda kujifungua kwa kisu, nyuzi hazishiki. Haidrokwinoni nayo huzuia ngozi kutengeneza rangi yake, na baada ya miaka inaweza kugeuka na kuacha weusi wa kibuluu mashavuni ambao hakuna kopo linaloufuta. Kisha kuna zebaki.

Zebaki si ngeni ukanda huu. Biharamulo na Geita kila mchimbaji mdogo anaijua. Ndiyo inayokamata dhahabu kwenye mchanga uliosagwa. Mama saluni ana kaka aliyewahi kuishika kwa mikono mitupu. Kwamba ilikuwa pia ndani ya sabuni za kuogea, hilo lilimshtua. Mwandishi naye alishtuka aliposoma habari za Masazumi Harada, daktari wa Kijapani aliyetumia maisha yake kufuatilia ugonjwa wa Minamata, uliotokana na zebaki ya kiwandani. Katika miaka ya 1990 yeye na wenzake walipima nywele za wachimbaji, wavuvi na wakazi wa Mwanza kando ya Ziwa Victoria. Hofu kubwa ilikuwa machimbo na samaki. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999 yalionyesha kuwa miongoni mwa watu wenye zebaki nyingi mno walikuwamo watumiaji wa sabuni. Nairobi walikuwa wameshaona dalili mapema zaidi: mwaka 1972 madaktari waliripoti kwamba zaidi ya nusu ya kundi la wagonjwa wao wa figo walikuwa wametumia krimu za kung'arisha ngozi.

Sabuni hizo zilitoka wapi? Nyingine zilitoka Ulaya. Jumuiya ya nchi za Ulaya ilikataza zebaki kwenye vipodozi mwaka 1976, lakini kuzitengeneza sabuni hizo kwa ajili ya kuuza nje hakukufungwa mpaka mwaka 2003. Miaka ishirini na saba! Ngozi ya kule ililindwa, ya huku ikahesabiwa kuwa soko. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ulipokuja, bado uliachia zebaki iliyo chini ya sehemu moja kwa milioni. Ni mwaka 2023 tu nchi wanachama zilipokubaliana kuondoa hata hiyo.

Itakuwa si haki kusema wazungu na viwanda vyao ndio waliotuletea kupenda weupe. Kwa Wahaya, jirani zetu wa kaskazini, bibi harusi aliwekwa ndani, kwenye bwali, akala vizuri, akapumzishwa kazi. Akitoka, ngozi imetakata kwa kukosa jua. Ngozi hiyo ilitangaza kwamba mume ana uwezo wa kumpumzisha mke, japo kwa miezi michache. Ng'ambo ya Rusumo, Rwanda, mwanamke mweupe huitwa inzobe, na ni sifa. Viwanda vilikuta hamu ipo tayari, vikaiweka kwenye makopo ya ukubwa tofauti ili hata asiye na mume wa kumpumzisha aweze kununua mwonekano wa aliyepumzishwa.

Na mke anainunua kwa pesa ipi? Ngara ni ya kahawa, ndizi na maharage. Kahawa ni ya baba. Inapouzwa, pesa inapita mkononi mwake. Maharage ni ya mama, kidogo kidogo, debe kwa debe. Mama saluni anaujua msimu kwa kutazama nani ameshika pochi mlangoni. Msimu wa kahawa wateja huletwa: bodaboda inasimama, mwanaume anabaki nje akichezea simu, ndani mwanamke anaketi na kusema bwana ametaka awe kama fulani. Msimu wa maharage wanakuja wenyewe, wanapunguza bei, wanachukua kichupa kidogo.

Hapa mkoani Kagera mambo ya mwanamke na mali yalishafika mpaka Mahakama Kuu. Holaria Pastory alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake, akaliuza mwaka 1988. Mpwa wake akapinga, kwa hoja kwamba mila ya Wahaya haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990, mjini Mwanza, Jaji Mwalusanya aliamua kwamba mila hiyo ni ya ubaguzi na haiwezi kusimama mbele ya Katiba. Hukumu hiyo husomwa vyuoni mpaka leo. Vijijini bado wapo mabinti wanaoambiwa shamba ni la kaka. Ukimweka msichana mahali ambapo ardhi si yake, kahawa si yake, na nyumba ataipata kwa kuchaguliwa na mtu, kichupa cha dawa hakiwi anasa tena. Kinakuwa mtaji, wa hatari lakini wa pekee alionao. Wanaomcheka kwa Fanta na Coca-Cola wangekaa na hesabu hiyo kidogo.

Mama saluni hapendi kuhubiriwa, hasa na wanaume wa serikali. Ana sababu. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: marufuku sketi fupi, mawigi, nguo za kubana na krimu za kung'arisha ngozi. Kariakoo, Dar es Salaam, makundi ya vijana wa kiume yakawavamia wanawake waliovaa sketi fupi, kwa jina la utamaduni. Septemba 2018 Spika Job Ndugai alipiga marufuku kope na kucha za bandia bungeni Dodoma. Novemba mwaka huohuo Rais Paul Kagame wa Rwanda aliandika mtandaoni kwamba kujichubua ni hatari kwa afya, akataka Wizara ya Afya na polisi walishughulikie haraka. Polisi wakaingia madukani. Mwaka 2019 udhibiti wa vipodozi Tanzania ukahamishwa kutoka TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, kwenda TBS, shirika la viwango. Kwa mama saluni yote haya yana sura moja: wanakuja, wanakagua rafu, wanabeba makopo, wanaondoka. Aliyemleta mkewe na bodaboda hajaulizwa kitu.

Tukubaliane: makopo yenye sumu yanastahili kubebwa. Figo haijui siasa za jinsia. Lakini biashara ina miguu myepesi kuliko mkaguzi. Mama anasimulia kwamba baada ya msako wa ng'ambo, vilivyokuwa juu ya rafu vilishuka chini ya kaunta, na bei ikapanda. Neno "weupe" nalo linapotea kwenye lebo, mahali pake panakaa "kung'aa", "kutakata", "rangi moja". Makampuni makubwa yameshajifunza mchezo huo; India mwaka 2020 krimu maarufu ya Fair & Lovely iligeuzwa jina ikawa Glow & Lovely.

Yeye mwenyewe aliacha kukoroga. Zamani alipima losheni, tyubu na vidonge vilivyosagwa ndani ya kopo moja, akachanganya kwa mpini wa kijiko. Aliacha baada ya mteja mmoja kuvimba uso hata macho yasifunguke. Dawa ya sugu hakuiacha. Kwenye kichupa hapajaandikwa kimetengenezwa na nini wala wapi, na alipoulizwa kama haoni ni yaleyale, alijibu kwamba pango la chumba halisubiri maabara. Ana mabinti wawili wanaosoma. Mkubwa ni mweusi tii, na ameshaanza kuuliza maswali mbele ya kioo cha saluni. Anamjibu nini? Hapo mama alisimama akaenda kuzima draya iliyokuwa haina mtu.

Kazi kubwa zaidi inakuja na harusi. Siku hizi, anasema, picha inayosambazwa WhatsApp kabla ya zote ni ya mikono miwili, mmoja juu ya mwingine, pete zikionekana. Mpiga picha huisogelea mpaka mikunjo yote ihesabike. Kwa hiyo bibi harusi huletwa kwa ajili ya vidole peke yake, na mlipaji ni kamati ya harusi. Kwenye bajeti kuna ukumbi, muziki, keki, mapambo, "saluni bibi harusi". Kwa bwana harusi kuna suti na kunyoa. Pesa ni ya michango ya ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake.

Mwenyekiti wa kamati moja, mwanaume wa makamo, alikuja hapo kulipa akataka risiti yenye maelezo kamili, kwa sababu wachangiaji ni wakali. Mama saluni alichukua kalamu, akafikiri kidogo, akaandika: kucha.