Nafasi ya Mwenza katika Uigizaji wa Maandishi Mtandaoni

Uigizaji wa maandishi mtandaoni ni utunzi ambamo watu wawili au zaidi hubuni kisa kimoja kwa kupokezana zamu, kila mmoja akiandika maneno na matendo ya mhusika wake. Mizizi yake imo katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, ambako mwaka 1978 Roy Trubshaw alianza kuunda MUD, programu iliyoendelezwa baadaye na Richard Bartle, na iliyowakutanisha wachezaji katika ulimwengu uliojengwa kwa maneno matupu. Katika LambdaMOO, programu ya aina hiyo iliyoanzishwa na Pavel Curtis mwaka 1990, mchezaji alikuwa na amri moja ya kusema na nyingine ya kueleza tendo, nayo programu ikatanguliza jina la mhusika, hivyo kila tendo likasomeka katika nafsi ya tatu.

Ubora wa uandishi huu haupimwi kwa vigezo vya riwaya, kwa kuwa msomaji wake wa kwanza ndiye pia mtunzi wa aya inayofuata. Mwandishi akiandika kwamba "Salma alimzaba Juma kofi, Juma akaanguka akilia," amemnyang'anya mwenzake mhusika wake, kwani kuanguka na kulia ni mambo ya Juma, na huenda Juma ni mtu asiyelia hata kidogo. Akiandika kwamba "Salma aliinua mkono kumzaba Juma kofi, macho yake yakiwa kwenye barua ambayo Juma alikuwa ameificha nyuma," tendo limeanzishwa bila kukamilishwa, na mwenzake ana njia nyingi: kukwepa, kupigwa, kuudaka mkono, au kutoa barua. Barua hiyo ndiyo yenye thamani kubwa zaidi katika sentensi nzima, maana inampa mwenza kitu cha kushika.

Kosa lisilotambulika kwa urahisi ni la mawazo ya ndani. Mwandishi anaweza kujaza aya tatu kwa dharau ambayo Salma anaihisi moyoni, ilhali Juma hawezi kuijibu kwa sababu hakuisikia. Mwenza akiijibu, atakuwa amempa mhusika ujuzi alionao mchezaji peke yake, jambo linaloharibu kisa haraka. Dharau hiyo ni heri ionekane katika jinsi Salma anavyosukuma kikombe au anavyochelewa kuitikia salamu.

Kuhusu urefu, zamu ndefu si lazima iwe bora, na mabishano yanayokwenda kasi huhitaji sentensi chache tu.

Anayetaka kuimarika katika sanaa hii, kabla ya kutuma zamu yake, na aisome upya kwa macho ya mwenzake, na kama haoni ndani yake jambo lolote ambalo mhusika wa mwenzake anaweza kulijibu, basi aiandike tena.